Valvu Kufungwa Si Kuziba



Wengi wetu, katika viwanda vya sukari upande wa Busia na katika saruji kule Tororo, tunafanya kazi karibu na mabomba ya mvuke, maji moto au mafuta. Msimamizi akisema, "Valvu imefungwa, ingieni," tunaingia. Tunapenda kueleza kwa nini neno hilo peke yake halitoshi.

Ndani ya valvu mna kizibo na kiti chake. Ukizungusha gurudumu, kizibo hukalia kiti na kuzuia njia. Lakini mchanga, kutu na mvuke wenye kasi hula kiti hicho, na ufa mwembamba kama unywele hupitisha mvuke mchana kutwa. Kwa nje huoni kitu.

Hata valvu mpya huruhusiwa kuvuja kwa kiasi. Kanuni ya Marekani FCI 70-2, inayohusu valvu za kurekebisha mtiririko, ina madaraja 6. Valvu ya daraja la II ambayo ikiwa wazi hupitisha lita 1,000 kwa dakika, ikifungwa yaweza kuvuja lita 5, na bado imefaulu. Ya daraja la IV isizidi desilita 1. Kwa valvu za kufunga na kufungua, kanuni ya API 598 huruhusu valvu ya inchi 4 yenye kiti cha chuma kudondosha matone machache ya maji kwa dakika. Yenye kiti laini isidondoshe hata moja.

Kupima hufanywa hivi: valvu husafishwa, kisha hufungwa kwa nguvu ya kawaida, bila kurefusha mkono wa spana kwa bomba. Maji ya presha hutiwa upande mmoja, upande wa pili huachwa wazi. Valvu ya inchi 4 hushikiliwa kwa sekunde 60, matone yakihesabiwa. Anayepima asisimame mbele ya mdomo wake.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, kila valvu iwe na daftari lenye tarehe na matokeo ya kupimwa. Pili, kabla ya mtu kuingia ndani ya boila au tangi, bomba lifunguliwe na kuzibwa kwa sahani ya chuma. Valvu moja isitegemewe. Tatu, kufuli liwekwe, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ni ya mwaka 2006, na ya Kenya ni ya 2007. Zote mbili zinamkinga mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu na kuitolea taarifa. Mpaka wa Busia hugawa nchi, haugawi mvuke. Ndugu, usiingie kwa neno la mdomo. Uliza daftari, tazama sahani, shika ufunguo.