Sungura wa Uani si Kuku

Katika visiwa vyetu uani ni makazi ya viumbe wengi. Kuku huparura chini ya mpapai, bata huvuruga dimbwi la maji ya vyombo, mbuzi amefungwa penye mnazi, na paka, ambaye hakuna aliyemwalika, amelala juu ya ukuta kana kwamba nyumba ni yake. Katika jamaa hii ameongezeka mgeni, naye ni sungura. Watoto humpenda kwa upole wake, wazee humtazamia kitoweo, na vijana wasio na kazi humhesabu kuwa mtaji. Yote hayo ni ya kheri, lakini hatuna budi kuulizana ni wangapi kati ya sungura hao humaliza mwaka.

Mimi mwenyewe sina haki ya kulisema jambo hili kwa sauti ya juu. Nilipokuwa katibu wa tawi, kikundi cha vijana wetu kiliwahi kuletewa sungura 12, nami nikasimama mbele yao nikawahimiza kwa maneno mengi. Hakuna aliyetufundisha, wala sisi hatukuuliza. Tuliwatia katika banda la kuku, kwa hoja kwamba wanyonge hawadhulumiani, na tukawalisha chakula kile kile cha kuku. Baada ya wiki sita walisalia watatu. Kijana mmoja akaniuliza mbele ya wenziwe kama huku ndiko kujitegemea. Sikuwa na jibu siku ile.

Jibu nililipata baadaye, kwa kuuliza wenye ujuzi. Baadhi ya vyakula vya kuku vya dukani hutiwa dawa za kuzuia koksidia, na baadhi ya dawa hizo, zisizomdhuru kuku zikitiwa kwa kipimo chake, huweza kumwua sungura. Aidha, kuku hunyea majani anayokula sungura, na maradhi ya tumbo huweza kupita njia hiyo. Jogoo naye hudona, na jicho la sungura halina kinga. Ama bata, yeye huloanisha kila alipo, na sungura akilala penye majimaji huoza nyayo, na koksidia zake mwenyewe humwandama. Wakae uani pamoja, naam, lakini kila mmoja kwake.

Banda la sungura na liinuliwe kiasi cha mita moja kutoka ardhini, chini ya mwembe au kivuli kingine, sakafu yake iwe ya waya au ya vipande vya mianzi ili kinyesi kidondoke. Paa liwe la makuti. Wako wanaoezeka bati kwa fahari. Bati la mchana wa Kaskazi ni jiko. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto lake hulitolea masikioni, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 30 huanza kutaabika, hata dume hupungukiwa na uwezo wa kuzalisha kwa muda. Ukimwona anahema kwa kasi huku masikio ameyalaza, yaloanishe masikio hayo kwa maji ya baridi, umsogezee na chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa. Miguu ya banda itumbukizwe katika makopo ya maji, kwa maana siafu wakipanda usiku hawabakishi mtoto. Waya wa madirisha uwe wa matundu madogo, kwa ajili ya panya, chatu, ngawa na hao kunguru walioletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka, wakaishia kutula vifaranga.

Paka wa nyumbani hutaka maneno ya peke yake. Si lazima amshike sungura ili amdhuru. Kumzunguka banda usiku kucha kwatosha, kwani jike aliyeingiwa na hofu huweza kuwakanyaga watoto wake au hata kuwala. Jike huchukua mimba kwa siku 30 hadi 32, na kabla ya kuzaa hujinyonyoa manyoya akafanya kitanda. Mpeni kisanduku chenye giza. Watoto huzaliwa vipofu, hufumbua macho kiasi cha siku ya kumi. Mama huwanyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, na wengi wetu tukiona hivyo hudhani amewatupa, tukawatoa wakafa mikononi mwetu.

Chakula chake kikuu ni nyasi, na majani ya viazi vitamu humfaa. Majani mabichi ya muhogo yana sumu; yaanikwe juani kwanza, na apewe kidogo. Maji yasikosekane.

Kuna wanaouliza uhalali wa nyama yake. Madhehebu manne ya Sunni yamehalalisha. Ndugu zetu Ithnaasheri hawamli.

Sasa neno kwa maofisa wetu. Siku ya kugawa wanyama huwapo hotuba na picha, na idadi huandikwa katika taarifa. Tungependa taarifa ya pili, ya mwaka mmoja baadaye, iliyoandikwa na bwana au bibi mifugo aliyefika bandani kwa miguu yake. Asipewe mtu sungura kabla banda lake halijaonwa, na sheha ajulishwe ni nani wa kuitwa mnyama anapougua, maana mwananchi akikosa wa kumwuliza humpa vidonge vya amoksilini alivyobakiza mwenyewe, na dawa hiyo ikipita kinywani huharibu tumbo la sungura akafa.

Vijana wale wamekubali kuanza tena. Mabanda manne yamesimama nyuma ya tawi, mbali na kuku. Kinyesi hurundikwa pembeni kioze, kisha hupelekwa migombani, si kwenye nyasi wanazokatiwa sungura hao hao.