Wanawake 130 wa bustani ya Bronx

Alijipa dakika moja. Akimwona mwanamke ameketi peke yake kwenye benchi, alitakiwa aende akae naye, si benchi la jirani bali hilohilo, na kabla dakika haijatimia awe ameshafungua kinywa. Udhuru ulipigwa marufuku. Huyu kanizidi umri, huyu kanuna, huyu anasoma: hayo yote yasisikilizwe.

Aliyejitungia sheria hiyo alikuwa kijana wa miaka 19, mwenye haya ya kupindukia mbele ya wanawake. Jina lake Albert Ellis, na bustani yenyewe ni Bustani ya Mimea ya Bronx, jijini New York, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kabla ya hapo alizoea kwenda humo, akachagua benchi la mbali kidogo, akatupa jicho, naye akitupiwa jicho anatazama pembeni. Mwisho anarudi nyumbani na maneno yake matamu yangali kooni. Kiangazi kimoja akaamua kwamba mwezi mzima hatajihurumia.

Hesabu, kama alivyoisimulia mwenyewe hadi uzeeni, ni hii. Aliwafuata wanawake 130. Thelathini waliinuka papo hapo wakaenda zao. Mia moja waliobaki alizungumza nao: maua, ndege, kitabu alichoshika huyu, sweta anayoifuma yule. Kati ya hao mia, mmoja tu alikubali wakutane siku nyingine. Siku ilipofika, hakutokea.

Moja kati ya 130, na hiyo moja nayo hewa. Kijana mwingine angeapa kutokanyaga tena bustanini. Ellis aliona amepona. Hakuna mwanamke aliyetapika akakimbia, hakuna aliyeita polisi. Kile alichokihofia tangu abalehe kilikuwa kimemtokea siku baada ya siku, na bado yu mzima.

Mwandishi wa makala haya alikutana na kisa hicho akitafuta jambo jingine kabisa, kikamganda. Tiba ya fikra na tabia, ambayo leo wanasaikolojia wengi huanza nayo mgonjwa wa wasiwasi au sonona, hutajwa zaidi pamoja na Aaron Beck wa Philadelphia na karatasi zake za kuandika mawazo. Ni tiba yenye sura ya darasa, safi, ya adabu. Kumbe mmoja wa mizizi yake umo kwa kijana anayetokwa jasho kwenye benchi la bustani.

Wazo la benchi Ellis hakulitoa hewani. Alikuwa amesoma wanafalsafa, na alikuwa amesoma majaribio ya Mary Cover Jones, aliyemwondolea mtoto mmoja woga wa sungura kwa kumsogeza mnyama karibu kidogokidogo. Ellis alijifanya yeye ndiye mtoto. Ule mwendo wa kidogokidogo tu ndio aliouacha.

Ugumu huo wa kujilazimisha alikuwa nao tangu utotoni. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1913 akakulia New York, mkubwa wa watoto watatu. Figo zilimlaza hospitali mara kadhaa akingali mdogo, na wazazi walikuwa wageni wa nadra kitandani kwake. Baba alisafiri kibiashara, mama alikuwa na yake. Kifungua mimba akanunua saa ya kengele kwa pesa zake mwenyewe ili aamke mapema awaamshe na kuwavika wadogo zake. Mtoto wa namna hiyo akikua, usitarajie atamwambia mgonjwa alale kwenye kochi asimulie ndoto.

Hata hivyo, njia ya kochi aliijaribu. Alipata shahada ya uzamivu katika saikolojia tiba Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1947, akajifunza na uchanganuzi nafsi wa wafuasi wa Freud, akaufanyia kazi miaka kadhaa. Ulimchosha. Wagonjwa walielewa kila kitu kuhusu utoto wao, na hofu ikabaki palepale. Kufikia 1955 alikuwa ameanza njia yake, na jina la mwisho aliloipa linabeba akili, hisia na tabia kwa pamoja.

Kiini chake kinasemeka vizuri sana kwa Kiswahili, kwa sababu kinahusu neno tulilonalo mdomoni kutwa nzima: lazima. Jirani amekupita asubuhi bila salamu. Hilo ni tukio. Jioni tumbo linakuuma kwa hasira. Hayo ni matokeo. Katikati, alisisitiza Ellis, umejisemea kitu: lazima anisalimu, asiponisalimu ananidharau, na kudharauliwa siwezi kukuvumilia. Hakutaka mtu ajidanganye kwamba hajali. Alitaka aseme ningependa anisalimu, aishie hapo. Deni la wazo hilo alilikiri kwa Epictetus, mwanafalsafa wa kale aliyewahi kuwa mtumwa, na mtumwa bila shaka alijua tofauti kati ya kinachompata na anachokifikiria juu yake.

Namna alivyolisema ni jambo jingine. Ellis alitukana. Sauti ilimtokea puani, alikatiza watu, na kumbembeleza mgonjwa aliona ni kumchelewesha. Kwa miaka 40 hivi, kila Ijumaa usiku, aliwapandisha watu jukwaani katika jengo la taasisi yake mjini Manhattan, akawatibu mbele ya ukumbi uliojaa kwa kiingilio cha dola 5 hivi. Mtu alisimulia ndoa yake au woga wake. Ellis alitafuta lazima iliyojificha humo akaitoa kama mwiba.

Kisha lilikuja zoezi la nyumbani. Funga ndizi kwa utepe mrefu uiburute barabarani kama unamtembeza mbwa. Ndani ya treni, paza sauti utaje jina la kituo, halafu usishuke. Watu wakutazame, na wewe ushinde pale na mtazamo wao mpaka uzoee. (Ndani ya daladala zoezi hili halifui dafu, utadhaniwa konda.)

Hapo ndipo Kiswahili kinapoanza kubisha. Sisi tuna aibu na tuna haya, na si kitu kimoja. Aibu humpata mtu. Haya hufundishwa, na asiye nayo hutajwa kwa kulaumu wazazi wake. Ellis aliishambulia aibu kwa nyundo. Je, nyundo hiyo inajua pa kukomea? Na binti anayeambiwa asijali watu watasema nini, ilhali watakachosema kitamwangukia mama yake sokoni, ana lazima ya uongo au ya kweli? Ellis angejibu haraka, pengine kwa tusi. Si hakika kwamba angekuwa amejibu.

Halafu kuna wale 130. Kisa chote kinasimuliwa kutoka upande mmoja wa benchi. Walikuja kusoma, kufuma, kupunga upepo, wakageuzwa dawa ya mtu bila kuulizwa. Thelathini waliinuka. Waliobaki, wangapi waliongea kwa kupenda, na wangapi kwa adabu tu, wakiwaza ataondoka saa ngapi? Idadi zenyewe, 130, 30, 100, moja, zimenyooka kama za ngano, na aliyezihesabu ni mmoja.

Ellis alifariki Julai 2007 akiwa na miaka 93, katika makazi yake juu ya taasisi ileile, baada ya kuvutana na bodi yake hadi mahakamani na kushinda. Kisa cha bustani huenda alikuwa amekisimulia mara nyingi kuliko idadi ya wanawake waliomo.

Yule mmoja aliyekubali miadi hana jina humo. Huenda alikuwa na kazi. Huenda alifika hadi langoni, akamwona kijana amekaa, akageuza.