Udongo Mweusi wa Mlimani na Udongo Mwekundu wa Kabete

Mtu apitaye Westlands, Lavington au Kabete, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, hakosi kuona shimo kubwa lililochimbwa kwa ajili ya msingi wa jumba jipya. Akisogea ukingoni na kutazama chini, ataona udongo mwekundu tangu juu hata chini, laini, wenye kushikana, bila mawe ya kuzuia sururu. Ndio udongo uliowapa wakulima wa Kabete na Kikuyu mahindi, mboga na kahawa kwa miaka mingi, na kina chake aghalabu ni mita kadhaa.

Asubuhi ya anga safi, karani aliye katika ghorofa za juu za katikati ya jiji aweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, yapata kilomita 140, ukiwa na vilele vyake vyenye ncha. Watu wengi wausikiapo msitu wa mlima huo hufikiri kwamba, kwa kuwa udongo wake ni mweusi na miti yake ni mikubwa, bila shaka una rutuba kuliko hata ule wa Kabete, na kwamba kadiri mtu apandavyo juu ndivyo shamba lingekuwa bora. Fikira hiyo si sawa, na yafaa ijulikane ni kwa sababu gani.

BARAFU ILIVYOKWANGUA MLIMA

Udongo wa Kabete na udongo wa Mlima Kenya ni ndugu kwa asili. Yote miwili ilitokana na mawe yaliyotapikwa na volkano. Lakini huko Kabete mawe yale yaliachwa kwa utulivu, yakapata joto na mvua kwa muda mrefu mno, yakaoza kidogo kidogo mpaka yakawa udongo. Haba na haba hujaza kibaba. Juu ya Mlima Kenya kibaba hicho kilimwagwa, na aliyekimwaga ni barafu.

Mwaka 1893, kabla mji wa Nairobi haujakuwapo, mtaalamu wa mawe aitwaye J. W. Gregory alipanda mlima huo hata akaifikia mito ya barafu. Chini sana ya barafu aliyoikuta, aliona matuta marefu ya mawe yaliyochanganyika na mchanga na udongo mfinyanzi. Mto wa maji haupangi mawe hivyo, kwani maji huchambua: huacha mawe makubwa hapa, changarawe pale, na tope mbali zaidi. Barafu haichambui kitu. Hubeba yote pamoja na kuyatua yote pamoja. Gregory akatambua kwamba zamani barafu ilishuka chini kuliko siku zake. Mwaka 1899, reli ilipokuwa imefika Nairobi mwaka ule ule, Halford Mackinder aliondoka hapo na msafara wake, akafika kilele cha Batian mwezi wa Septemba.

Sasa yajulikana kwamba, katika zama za baridi kuu, barafu ya Mlima Kenya ilishuka hata kiasi cha mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Mto wa barafu huenda polepole, lakini ni mzito, na chini yake hukokota mawe kama msasa. Ulikwangua udongo wote wa kale, ukapanua mabonde, ukaacha mwamba mtupu na marundo ya mawe. Barafu hiyo ilipoanza kurudi nyuma, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, kazi ya kufanya udongo ilianza upya. Kwa hiyo udongo wa mitelemko ile ni mtoto mchanga mbele ya udongo wa Kabete.

WEUSI SI RUTUBA

Ukanda wa juu kabisa wa msitu, baada ya mianzi kwisha, una miti ya Hagenia, ambayo Wakikuyu huiita mumondo, yenye magamba mekundu na matawi yaliyojipinda. Hapo ndipo msitu unapokutana na nchi iliyokwanguliwa na barafu. Mahali pengi mtu akichimba hugonga jiwe kabla shimo halijafika kina cha goti lake. Udongo wenyewe ni mweusi, mwepesi, wenye maji mengi, nao hubonyea chini ya mguu.

Weusi huo watoka wapi? Watoka katika baridi. Huko Kabete jani likianguka, wadudu na vijidudu vya udongoni hulila upesi, na chakula chake hurudi kwa mmea. Juu ya mlima vijidudu hivyo hufanya kazi kwa uvivu kwa sababu ya baridi na unyevu. Majani, mizizi na nyasi hulundikana mwaka baada ya mwaka, nusu yameoza na nusu bado, yakafanya mboji nene. Chakula kimo ndani yake, lakini kimefungwa kama nafaka katika ghala lisilo na mlango. Tena udongo huo ni mchachu. Mgeni auonaye mweusi husema, "Hapa pana rutuba". Kumbe aona majani tu ambayo hayajaoza.

Miti imejua namna ya kuishi hapo. Haiwezi kupeleka mzizi chini, basi huutandaza pembeni, na mizizi ya mti mmoja husukana na ya mwenziwe kama ukili wa mkeka. Miti hushika udongo, na udongo hushika miti. Ikikatwa, mizizi huoza, mkeka hufumuka, na mvua ya kwanza kubwa huchukua kilichobaki. Moto nao ni adui mkubwa kuliko shoka, maana mboji kavu yenyewe huwaka. Mwezi wa Machi 2012, baada ya kiangazi kikali, moto mkubwa uliteketeza sehemu za mlima huo.

Juu zaidi ya msitu taabu huzidi. Usiku maji yaliyo katika udongo huganda, yakafanya sindano ndogo za barafu zinazoinua uso wa nchi. Jua likichomoza huyeyuka, na udongo uliolegea huteleza kufuata mtelemko. Jambo hili hurudiwa siku kwa siku, na mche mdogo hung'olewa kabla haujashika.

MAJI YA WATU WA MBALI

Pengine mkulima wa Dagoretti atauliza: "Hayo yanihusu nini mimi?" Yanamhusu kwa chakula na kwa taa. Mto Thiba na mto Nyamindi hutoka Mlima Kenya, nayo hunywesha mashamba ya mpunga ya Mwea, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950, ambayo mchele wake huuzwa katika masoko ya Nairobi. Maji ya mlima huo, pamoja na ya milima ya Aberdare, huingia mto Tana na kuzungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere.

Jinsi kina cha udongo kinavyotawala maji ilipimwa na wataalamu waliokuwa na kituo chao Muguga, magharibi ya Nairobi. Katika miaka ya 1950 walichagua mabonde ya Kimakia, katika milima ya Aberdare, ambako mianzi ilifyekwa na misonobari ikapandwa, kisha wakapima maji yatokayo mtoni. Misonobari ilipokua ilitumia maji karibu sawasawa na mianzi, na mto uliendelea kutiririka. Lakini udongo wa Kimakia una kina kirefu. Hunywa mvua nyingi na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Pale barafu ilipokwangua, akiba ni ile mboji ya juu tu, kama sifongo iliyowekwa juu ya jiwe. Sifongo ikiondoka, mvua hushuka yote kwa siku moja, na baada yake mto hukauka.

Wala mtu asidhani kwamba itarudi upesi. Mto wa barafu uitwao Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya mlima huo, ulipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010, na hivyo mwamba mpya umekuwa ukifunuliwa. Wapandao mlima huona huko jinsi udongo unavyoanza: kuvu juu ya jiwe, mmea mdogo katika ufa, konzi ya vumbi chini yake. Mzee aliyeuona mwamba ule ukifunuliwa alipokuwa kijana hatauona ukiwa shamba, wala mjukuu wake hatauona.

Mkulima mwenye busara asihukumu nchi kwa rangi ya uso wake. Achukue jembe, achimbe shimo katika sehemu ya juu ya shamba lake, katikati, na chini bondeni, apime kina kila mahali. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika Tanganyika, alifundisha katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa mtelemko umefungamana kama mnyororo, wa juu na wa chini. Palipo na kina, na palimwe kwa makinga-maji yaliyo imara. Palipo na kina cha goti tu juu ya mwamba, na paachiwe miti. Kwa maana hapo miti ndiyo inayoushika udongo, na udongo ukishuka mtoni hakuna awezaye kuurudisha juu.