Vita analipa nani? Bamama waliuliza, na sisi tuulize



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumechagua swali ambalo watoto wanatuuliza darasani kuliko hesabu: kwa nini kwetu vita haviishi? Nyumbani wanajibiwa haraka haraka. Huyu anaambiwa ni ukabila, yule anaambiwa wanaume ndivyo walivyo, mwingine anaambiwa ni laana. Majibu hayo yana kasoro moja. Hayamtaji anayepata faida, na hayamtaji anayelipa.

Tuanze mbali kidogo, sababu mambo haya hayakuanza 1996.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipata Kongo ikawa mali yake mwenyewe. Si ya Ubelgiji, yake. Na hata siku moja hakukanyaga huko. Mwaka 1888 Dunlop akaandikisha tairi ya kujazwa upepo, baiskeli zikaenea Ulaya, halafu magari, na mpira ukawa na bei kubwa. Mpira wa Kongo ulikuwa utomvu wa kamba za msituni zinazopanda juu ya miti. Kuutafuta ni kulala porini siku nyingi, na hakuna mtu angeacha shamba lake kwa hiari kwenda kufanya kazi hiyo. Basi jeshi la Leopold, Force Publique, likapata njia. Askari waliingia kijijini wakakamata wanawake. Mume akileta kilo zilizotakiwa, mke anarudishwa. Asipoleta, mke anabaki kifungoni. Wengi walikufa humo kwa njaa, wengine walibakwa na walinzi wao.

Msifikiri ulikuwa ukorofi wa askari mmoja mlevi. Ulikuwa utaratibu wa kazi. Maajenti walikuwa na kitabu cha mwongozo, na ndani yake imeelezwa namna ya kuchukua mateka.

Habari za mikono iliyokatwa wengi tunazijua, hata watoto. Habari za mateka hazisemwi sana, na sisi tunaona ndizo zinazofundisha zaidi. Shamba lilikuwa mikononi mwa mama. Mama akifungwa, nani atalima muhogo, nani atatwanga sombe? Mzee anakosa chakula, mtoto anakosa ziwa, baba yuko porini anakusanya utomvu ili amkomboe mke wake. Kwa kumshika mama mmoja wameshika nyumba nzima. Waliojenga ule utawala walilijua hilo vizuri kuliko wengi wetu. Na wababa msikasirike: huyo baba aliyekuwa porini naye alilipa, tena alilipa sana.

Mmoja aliyefanya dunia ione ni mwanamke pia, Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyekaa Baringa. Mwaka 1904 alifika pale baba mmoja jina lake Nsala, amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka 5. Alice alimpiga picha akiwa amekaa barazani, anaviangalia. Picha zake zilionyeshwa kwenye mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, watu wakapiga kelele, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Ambayo, tuseme ukweli, haikuacha kazi za lazima.

Mtasema: mpira ulikuwa Equateur na Kasai, mbali na Fizi na Uvira. Ni kweli. Upande wetu wa ziwa ilikuja sura nyingine. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilitoka Kongo kupigana na Wajerumani, likachukua Kigoma, mwezi wa 9 likaingia Tabora. Mizigo ya majeshi yote ya vita vile ilibebwa kwa vichwa vya wapagazi, wanaume waliotolewa mashambani kwa nguvu. Majeshi yalikula nafaka na ng'ombe za watu. Huko Ugogo, Tanzania ya kati, ikafuata njaa ambayo mpaka leo ina jina lake, Mtunya. Vita vilikuwa vya wafalme wa Ulaya, lakini aliyebaki na sufuria tupu ni mama wa Kigogo. Hata meli Liemba, ambayo mwaka 1997 ilirudisha Wakongomani wengi na mwaka 2015 ikawabeba Warundi kutoka Kagunga, ilitengenezwa na Wajerumani, nao wakaitumia katika vita vile kama meli ya vita. Jina lake la kwanza ni Graf von Götzen.

Baada ya mpira mahitaji yakabadilika. Uranio ya Shinkolobwe, Katanga, iliingia katika bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945. Halafu ikaja koltani, kasiteriti na dhahabu. Kuanzia 2001 mpaka 2003 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti kuonyesha jinsi madini ya Kongo yanavyolisha vita, na vita vinavyolinda njia za madini. Sisi tuliuliza wazee wanaotoka Fizi, Uvira na Kalemie kama waliwahi kuona kiwanda cha bunduki huko kwao. Walicheka. Basi bunduki zinatoka wapi, na nani anaziuza? Ni swali dogo, lakini mtoto akilishika hawezi tena kuridhika na jibu la ukabila peke yake.

Sasa tuje kwa bamama walioliuliza kwa miguu. Kuna harakati inaitwa Matembezi ya Wanawake Duniani. Mizizi yake iko Québec, Kanada, ambako mwaka 1995 wanawake walitembea siku kumi kudai mambo ya umaskini. Mwaka 2010 walichagua kumalizia matembezi ya dunia nzima Bukavu. Hawakuchagua Paris wala New York. Tarehe 17 mwezi wa 10 maelfu na maelfu ya wanawake walijaa barabara za mji, wa Kivu pamoja na wageni kutoka nchi nyingi. Madai yalikuwa wazi: amani na kupunguza majeshi na silaha, mali ya asili iwe ya wananchi, kazi ya mama ihesabiwe kuwa kazi, na ukatili juu ya wanawake ukome. Baadhi yao walifika mpaka Mwenga, ambako mwaka 1999 wanawake walizikwa wakiwa hai.

Tunapenda namna walivyoyafunga madai hayo manne pamoja. Zamani wengi walisema ubakaji ni jambo la hospitali, madini ni jambo la wakubwa, na kazi ya jikoni si jambo la mtu yeyote. Bamama wale walisema ni jambo moja. Panapotakiwa mali bila idhini ya wenyeji, wenyeji lazima waogopeshwe, na njia ya haraka ya kuogopesha kijiji ni mwili wa mama. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi pale pale Bukavu mwaka 1999 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, amesema mara nyingi kwamba kushona majeraha hakutoshi kama chanzo kinaachwa.

Je, kutembea kulimaliza vita? Hapana. Mwaka 2025 Goma ilitekwa mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, na wengine wenu mnajua zaidi yetu ni nani alikimbia kwa barabara zipi.

Lakini kuna mahali ilisaidia, na waliofanya ni watu kama sisi. Liberia ilikuwa na vita tangu 1989. Mwaka 2003 wanawake Wakristo na Waislamu, wakiongozwa na Leymah Gbowee, walivaa nguo nyeupe wakakaa uwanjani kwenye jua na mvua. Mazungumzo ya amani yalipohamia Accra, Ghana, viongozi walikuwa wanalala hotelini na siku zinapita. Mwezi wa 7 wanawake wakaketi mbele ya milango ya ukumbi, wakakataa watu wasitoke. Miongoni mwao walikuwa wakimbizi wa Liberia wanaoishi huko huko Ghana, katika kambi ya Buduburam. Bamama wa kambi kama sisi! Tarehe 18 mwezi wa 8 mkataba ulitiwa sahihi.

Mzee mmoja wa hapa alituambia mambo haya ya haki za wanawake ni ya Wazungu na mashirika. Mzee tunamheshimu. Ila Wazungu wale wale ndio walioleta utaratibu wa kufunga mama kwa ajili ya mpira, na aliyekataa wa kwanza ni mama mwenyewe aliyekimbilia msituni na watoto wake. Hakuwa amehudhuria semina yoyote.

Jambo la mwisho liko karibu zaidi. Wavulana wetu wanatengeneza bunduki kwa mabua, mmoja anakuwa komanda, na wasichana wanaambiwa wakae chini wawe mateka. Tumeona mchezo huo nyuma ya darasa letu. Waliuona wapi, wakati wengi wao walizaliwa kambini? Wanausikia jioni kwetu, tukisimulia nani alikuwa hodari. Hodari wetu daima ana bunduki. Mama aliyevusha watoto watano ziwa usiku hatumsimulii.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Bamama na mabibi, njooni darasani Alhamisi jioni baada ya masomo, msimulie mlivyovuka, na vijana wa kidato wataandika. Kama yuko aliyetembea Bukavu ile siku ya 2010, tunamtafuta sana. Wababa pia mnakaribishwa, kusikiliza kwanza. Tafadhali kila mtu aje na kiti chake, sababu madawati yetu ni ya watoto wadogo.