Minara ya Simu Nayo Hupatana Saa



Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni bwana shamba. Huku Oloipiri, Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, mifugo ndiyo mali ya watu wengi. Kwa hiyo bwana shamba naye husaidia kazi ya mifugo. Siku moja tulikuwa na chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Nilitazama simu yangu, nikawaandikia wafugaji: "Chanjo kesho 8:00." Mimi nilikusudia saa mbili asubuhi. Wao walisoma saa nane mchana.

Asubuhi tulichanganya dawa, tukangoja. Ng'ombe hawakuja. Chanjo hiyo ikishachanganywa haikai muda mrefu, na ikipata joto huharibika. Ilibidi tuimwage. Saa nane mchana tukaona vumbi. Makundi yamefika! Mzee mmoja akatazama masanduku yetu. Akauliza, "Bwana Shamba, mbona unafunga? Saa nane si ndiyo hii?"

Sikuwa na jibu. Saa yangu ilikuwa sahihi. Saa yao pia ilikuwa sahihi. Lakini hatukuwa tumepatana.

Minara ya simu nayo isipopatana saa, kazi huharibika. Leo tujifunze jinsi inavyopatana.

Saa ya jua na saa ya nchi

Jua la Oloipiri si jua la Dar es Salaam. Dar es Salaam iko mashariki zaidi. Kwa wastani, jua hufika katikati ya anga kule kama robo saa kabla ya kufika hapa kwetu. Kama kila kijiji kingefuata jua lake, redio ingesema saa sita na kijiji kingekataa. Kwa hiyo nchi nzima hufuata saa moja. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka, wanafuata saa hiyo hiyo.

Kwa watu, kukosea dakika mbili si neno. Kwa minara ya simu, hata sekunde moja ni kosa kubwa mno.

Zamu kisimani

Wewe mfugaji unajua zamu ya maji. Kundi moja linakunywa, jingine linangoja. Makundi mawili yakiingia pamoja, kunakuwa na fujo na maji yanachafuka.

Mnara wa simu hufanya vivyo hivyo. Katika mitambo ya simu za kawaida, njia moja ya mawimbi hugawanywa kwa simu 8. Kila simu ina zamu yake. Zamu moja ni fupi kuliko sehemu ya elfu moja ya sekunde. Mzunguko wa zamu zote 8 hurudiwa zaidi ya mara 200 katika sekunde moja. Ndiyo maana sikio lako halisikii mkatiko.

Ukitembea huku unaongea, simu yako huacha mnara mmoja na kushika mwingine. Kama mapigo ya minara hiyo hayaendi sawa, simu inaweza kushindwa kushika, na mazungumzo yakakatika. Kwa hiyo saa ya mnara mkubwa haitakiwi kupotoka zaidi ya sekunde moja na nusu hivi kwa mwaka mzima.

Iko mitambo mipya ambayo husema na kusikiliza kwa wimbi moja, kwa kupokezana. Mnara mmoja ukisema wakati jirani yake anasikiliza, unamziba masikio. Hapo masharti ni makali zaidi. Gawanya sekunde moja mafungu milioni moja. Mnara usikosee kuzidi fungu moja na nusu! Karibu na mpaka, mitandao ya nchi mbili nayo hupaswa kupatana.

Kwanza ni kupanga

Mafundi hupanga mambo manne kabla ya kuwasha mtambo:

1. Saa itoke wapi. Mara nyingi hutoka kwenye setilaiti zilizo juu kiasi cha kilometa 20,000. Setilaiti hizo zimebeba saa zisizokosea kwa urahisi.

2. Saa ipite wapi. Hupitishwa kutoka kituo hadi kituo, kwa mkongo au kwa mawimbi, kama maji katika bomba.

3. Akiba ni ipi. Chanzo cha kwanza kikikatika, cha pili kishike.

4. Nani amfuate nani. Vituo viwili visifuatane vyenyewe kwa vyenyewe. Wachungaji wawili waliopotea, kila mmoja akimfuata mwenzake, hawafiki nyumbani.

Kisha ni kupima

Mpango mzuri bila kupima ni maneno tu. Fundi hulinganisha saa ya mnara na saa anayoiamini, kwa saa nyingi, mchana na usiku. Kisha huikata saa ya setilaiti kwa makusudi. Anatazama: je, mnara utashika mwendo wake kwa muda gani? Ni afadhali kuligundua kosa siku ya majaribio kuliko siku mama mjamzito anapoitiwa gari la wagonjwa.

Wewe ufanye nini?

Si kila simu inayokatika ina kosa la saa. Huenda mlima umeziba, au umeme wa mnara umekwisha. Lakini simu ikikatika mara kwa mara mahali pamoja, andika siku, saa na mahali. Wapelekee kampuni yako ya simu. Wasiposikia, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Pia linda mnara. Anayeiba betri, mafuta au waya anakata sauti ya kijiji kizima.

Nami nimejifunza. Siku hizi naandika, "saa mbili asubuhi, kabla ya ng'ombe kwenda malishoni." Kisha namwomba mfugaji mmoja anirudishie habari hiyo kwa maneno yake. Huko nako ni kupanga na kupima.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini chanjo ilimwagwa?
2. Zamu ya kisimani inafanana vipi na kazi ya mnara?
3. Katika kijiji chako, ni kazi gani imewahi kuharibika kwa sababu watu hawakupatana saa?