Pampu ya ploti ikikwaruza kama imemeza kokoto, usikimbilie beringi

UKIISHI ghorofani Roysambu au Pipeline, maji ya bafuni kwako yamepandishwa na pampu hadi kwenye tangi la juu. Siku moja pampu hiyo inaanza kukwaruza, ungedhani imemeza kokoto. Fundi anaitwa, anabadilisha beringi, analipwa. Wiki mbili baadaye, kelele ni zilezile.

Mara nyingi hakuna kokoto humo. Ni mapovu.

Maji hayahitaji moto pekee ili yachemke. Presha ikishuka vya kutosha, huchemka hata yakiwa baridi. Ndiyo maana Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 94, ilhali Mombasa ni 100.

Ndani ya pampu kuna impela, gurudumu lenye mapanga yanayozungusha maji. Inapovuta, presha hushuka mdomoni pake. Chujio likiziba, bomba la kuvuta likiwa jembamba au tangi la chini likikaribia kukauka, presha huanguka hadi maji yanageuka mapovu ya mvuke. Mapovu hayo yakifika penye presha kubwa hubonyea ghafla na kugonga chuma kama nyundo ndogo. Polepole impela hutobolewa vishimo, kama mbao iliyoliwa na mchwa. Wahandisi huiita kavitesheni.

Utaijuaje bila kufungua pampu?

Anza na presha. Weka geji upande wa kuvuta na upande wa kusukuma. Ya kuvuta ikisoma chini kuliko kawaida, na sindano ya kusukuma ikichezacheza huku maji yakipungua, shuku mapovu.

Kisha pima mtetemo kwa sensa iliyobanwa kwenye pampu. Mota ikizunguka mara 48 kwa sekunde na impela ina mapanga 6, utaona mwiba kwenye grafu penye mitetemo 288 kwa sekunde. Huo ni mdundo wa kawaida. Beringi mbovu pia huleta miiba inayojirudia. Kavitesheni haina mdundo: mapovu hubonyea ovyo, kwa hivyo grafu huinuka kote, hasa kwenye maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Sensa ya mtetemo iliyo kwenye simu yako kwa kawaida haifiki huko.

Huna sensa? Bana kidogo valvu ya upande wa kusukuma. Kelele ikitulia, huenda ni kavitesheni. Isipobadilika, kagua beringi. Ila usibane valvu ya kuvuta, utazidisha shida.

Kwa kijana anayesomea ufundi, hapa kuna kazi. Kusafisha chujio hakuchukui muda. Impela ikiisha, ni gharama kwa landilodi, na wapangaji watapanda ngazi hadi orofa ya sita na mitungi mabegani.