Bahi Haihitaji Bahari

Bahi, wilaya ya mkoani Dodoma, haina bahari, na hata mvua zake ni za kuhesabu. Pamoja na hayo, halmashauri ya nyanda kavu inayohangaikia mapato ingefaidika kwa kuichunguza siku moja ya mtu na mwenzake wanaozunguka Unguja wakiwa na mabegi mgongoni. Watu wa aina hii hulala gesti ya Mji Mkongwe, hupanda daladala kuelekea kusini, hushuka Jozani kuwatazama kima punju, na jioni hula urojo na mishikaki Forodhani. Wakitaka kuwaona kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni Shelisheli, hupatana bei na nahodha ufukweni. Ukiacha kiingilio cha hifadhi, fedha yao karibu yote hupita mikononi mwa watu wanaoonekana: kondakta, mwongozaji, mchoma mishikaki, nahodha. Kesho yake hao nao hununua unga dukani mtaani.

Mgeni wa hoteli kubwa hutoa fedha nyingi zaidi, hilo halina ubishi. Ila sehemu kubwa ya malipo yake huwa imeshalipwa kwa wakala wa Ulaya kabla hajapanda ndege, na akifika, chakula, gari na burudani vyote vimo ndani ya uzio. Suala la kujiuliza, basi, ni fedha hiyo inapita kwa nani. Mwaka 2009 utafiti wa taasisi ya Uingereza, Overseas Development Institute, ulikadiria kwamba asilimia 28 ya fedha zinazotumiwa nchini na wapandaji wa Kilimanjaro huwafikia watu wa kipato cha chini, wakati kwa safari za kutazama wanyama kaskazini ni asilimia 18. Wapandaji wa Kilimanjaro si walalahoi, kwa hiyo takwimu hizo hazithibitishi kwamba mgeni mbana matumizi ni bora kuliko tajiri. Zinathibitisha jambo dogo zaidi, nalo linatosha: mlimani hakuna gari, kila mzigo hubebwa na mtu, na mtu huyo hulipwa. Namna ya kusafiri ina uzito wake mbali na unene wa pochi.

Watetezi wa utalii wa gharama kubwa watasema visiwa ni vidogo, maji na taka vina kikomo, afadhali wageni wachache wanaolipa sana. Hoja hiyo ina mashiko Unguja, ambako zaidi ya wageni laki saba waliingia mwaka 2024. Tangu Oktoba mwaka huo kila mgeni mtu mzima kutoka nje hutakiwa kulipa dola 44 za bima ya lazima, awe amekuja kwa wiki nane au kwa usiku mmoja. Kwa wawili wanaolala gesti ni dola 88 kabla ya kula chochote. Kisiwa kilichofurika wageni kinaweza kumudu ukali huo. Bara ya kati haijafurika, na kuiga sera ya mwenye shibe ukiwa na njaa ni kichekesho.

Wengine watauliza Bahi kuna nini cha kutazama. Kuna bwawa kubwa linalolishwa na Mto Bubu, mashamba ya mpunga ambayo mgeni hayategemei katikati ya nchi ya uwele na mtama, wavuvi wa kambale, na mlenda uliopikwa na mwenyeji. Kuna pia reli ya kati iliyojengwa enzi za Wajerumani na barabara ya lami ya kwenda Singida, kwa hiyo msafiri wa kuelekea Tabora au Kigoma hupita hapa hapa, akiitazama Bahi kupitia dirisha. Makao makuu ya nchi, Dodoma mjini, yapo mwendo wa kama saa moja.

Ni kweli, bwawa si la kuaminika. Miaka ya ukame hunywea, na mgeni aliyeahidiwa mtumbwi atakuta matope yaliyopasuka. Hiyo ndiyo sababu ya kutojenga hoteli hapa, na wala si sababu ya kukaa bure. Aliyewekeza vyumba vitatu safi vya gesti na sufuria ya wali hapati hasara ya kutisha maji yakikauka. Wenye magari na maofisa wa Dodoma watalala katika vyumba hivyo hivyo. Hatari iliyo karibu zaidi ni ile ya papasi, wale madalali wa mitaani wanaowazonga wageni Mji Mkongwe na kujitwalia kamisheni ambayo ingekuwa ya nahodha. Serikali ya kijiji ikitaka kuwakwepa, bei ya mtumbwi na ya mwongozaji ibandikwe ukutani mwa ofisi kabla papasi wa kwanza hajashuka kwenye basi.